Kutona, Kuchirizika, Kutambaa: Mwendo wa Tone Juu ya Uso Wenye Mistari

Mvua ya masika inapopiga paa la makuti huko Likoni au Kisauni, maji hayatawanyiki ovyo. Makuti hupindwa juu ya ufito, yakashonwa, kisha yakapangwa kwa kupandana, ncha zikielekea chini. Mvuto wa ardhi ndio unaoyasukuma maji, lakini mistari ya kuti ndiyo inayoyachagulia njia. Yakikatiza kwa upande yatafika kwenye maungio, na nyumba itavuja. Njia hiyo ya maji huitwa mchirizi, nomino yenye mzizi mmoja na kitenzi kuchirizika.

Uhusiano huo wa nomino na kitenzi unastahili kuangaliwa. Katika mazungumzo ya kisayansi, aghalabu kitenzi kuenea hubebeshwa kila mwendo wa kioevu, ilhali tone linaloenea na tone linalobingirika ni mambo yanayopingana. Msingi wa tofauti hiyo ulielezwa na Thomas Young mwaka 1805: jambo la kuangaliwa ni pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na uso lililoukalia. Pembe ikiwa ndogo, maji huushika uso na kuulowesha. Ikipita nyuzi 150, tone hujikusanya mithili ya ushanga. Anayeandika 'kuenea' katika hali zote mbili hakukosea mtindo tu, amekosea fizikia.

Jani la mpunga, zao linalolimwa pia Kwale, kusini mwa Likoni, ni mfano wa kubingirika. Vinundu vyake vidogo mno vimejipanga sambamba na urefu wa jani. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2002 kwamba jani likiinamishwa nyuzi 3 hadi 5 tu, tone hubingirika kufuata urefu. Kuukatiza upana huhitaji nyuzi 9 hadi 15.

La ajabu zaidi ni mmea wa Nepenthes, ambao jamaa zake humea Madagaska na Shelisheli, na ambao majani yake hufanya mitungi ya kunasia wadudu. Mwaka 2016 ilielezwa, kutokana na spishi ya Ufilipino, jinsi mdomo wa mtungi huo unavyoendesha maji. Mdomo una vifereji vyembamba, na ndani ya kila kifereji mna vishimo vilivyofuatana. Kila kishimo kina kona nyembamba upande mmoja na ukingo mkali upande wa pili. Kona huyavuta maji, kishimo hujaa, maji hufurikia kishimo kinachofuata. Yakielekea kurudi, ukingo huyazuia. Hivyo maji husafiri kutoka ukingo wa ndani wa mdomo hadi wa nje, hata kwa kupanda, pasipo kusukumwa na chochote. Mdudu atuaye juu ya utando huo huteleza, akatumbukia.

Mwendo huo si kutona wala kubingirika. Kuchirizika nako hakufai, kwani mchirizi hushuka. Kitenzi kilicho karibu ni kutambaa: maji husonga yakiwa yameushika uso. Huenda ikadaiwa kuwa kutambaa ni kwa viumbe wenye hiari, kama mtoto au nyoka; lakini mtikiti na mviazi hutambaa pia, na hakuna anayeisadikia mimea hiyo kuwa na hiari. Kinachokosekana ni nomino ya uso wenyewe unaoyatambaza maji upande mmoja tu, kama kuchirizika kulivyo na mchirizi wake.