Umeme Kichwani mwa Mtoto: Onyo kwa Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu mashine ndogo za kupitisha umeme kichwani sasa huuzwa mitandaoni kwa yeyote mwenye fedha, na mzazi aliyechoka kumbeba mgongoni mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya kudumu ya misuli na mwendo inayotokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika utoto wa mapema, ni mwepesi wa kushawishika. Hakuna mashine inayomfundisha mtoto kutembea. Kinachochunguzwa na wataalamu ni kuuchochea ubongo kwa umeme hafifu wakati uleule mtoto anapofanya mazoezi ya kutembea, kwa matumaini kwamba ubongo uliochochewa utayashika mafunzo hayo kwa wepesi zaidi.

Katika utafiti uliofanywa nchini Brazil na kuchapishwa mwaka 2014, watoto 24 walitembea juu ya mkanda unaozunguka kwa dakika 20, vikao 10 katika wiki mbili, huku wamefungwa kichwani sifongo mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, moja juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza misuli na nyingine juu ya paji la uso, zikipitisha umeme wa miliampia 1. Nusu yao walivishwa vifaa vilevile bila kupewa umeme huo, ili matokeo yalinganishwe kwa haki. Waliochochewa walitembea kwa kasi zaidi, na nafuu hiyo ilionekana hata mwezi mmoja baadaye. Hata hivyo, watoto 24 ni wachache mno kuamulia tiba ya maelfu, na makundi yote mawili yalifanya mazoezi kikamilifu.

Hatari isiyopaswa kupuuzwa ni kifafa. Uchunguzi wa watoto wenye mtindio wa ubongo katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kifafa kwa karibu nusu yao, na wale ambao ubongo wao uliharibiwa na malaria kali, ambao ni wengi nchini Uganda, wamo katika hatari hiyohiyo. Mtoto aliyewahi kupata degedege, aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani au mwenye chuma ndani ya fuvu, asiguswe na mashine hizi kabla daktari hajampima. Dawa za kifafa zisisimamishwe hata siku moja kwa ajili ya kifaa chochote. Aidha, sifongo ikikauka, au ikiwekwa juu ya nywele zilizosukwa na kupakwa mafuta, umeme hujikusanya mahali padogo na kuiunguza ngozi, nao mtoto asiyeweza kusema hana njia ya kulalamika ila kulia.

Anayetaka kumjaribia mtoto matibabu haya kwa jina la utafiti analazimika kuwa na kibali cha kamati ya maadili na namba ya usajili ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, lenye ofisi zake Ntinda, Kampala. Mzazi aombe kuiona namba hiyo, asome fomu ya ridhaa au asomewe kwa lugha anayoielewa, na akumbuke kwamba mtoto wa miaka 8 na zaidi anayeweza kuelewa naye huulizwa kama anakubali. Kujitoa kunaruhusiwa wakati wowote. Masharti mengine ya kustahiki, kama vile umri na uwezo wa kusimama, huelezwa na watafiti wenyewe.

Mazoezi ya kila siku yasiachwe kwa kusubiri umeme. Hospitali ya Mulago na kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa Cheshire Home, kilichoko upande wa Barabara ya Gayaza, zimewahudumia watoto hawa kwa miaka mingi, na mzazi aliyefundishwa vizuri anaweza kumsimamisha na kumtembeza mtoto wake nyumbani akitumia fito mbili zilizofungwa sambamba. Onyo linarudiwa kwa makusudi: mtoto mwenye kifafa asifungwe kifaa chochote cha umeme kichwani hadi daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto atakapotoa ruhusa kwa maandishi.