"Wote wanachoma," je, nami nichome?

SWALI: Nina miaka 23, nakimbia mbio ndefu hapa Mwanza. Huu ni mwaka wa pili muda wangu haushuki. Jamaa mmoja ananishawishi nichome sindano ya "kuongeza damu". Anasema wote wanachoma, ndiyo maana wananiacha. Nyumbani wananitegemea. Nifanye nini? – Mkimbiaji, Kirumba.

JIBU: Usichome, mwanangu. Lakini katazo tupu halimtoshi mtu anayewaza chakula cha nyumbani, kwa hiyo tulipime lile neno "wote", maana limeanza kukuingia kabla ya sindano. Mtu mwenye haya hafanyi hila mpaka kwanza ajiaminishe kuwa si hila, na hakuna kinachoondoa haya upesi kama kuamini kwamba kila mtu yumo. Watafiti wa saikolojia ya michezo wameona kuwa wanaotumia dawa za kuongeza nguvu michezoni hukadiria watumiaji kuwa wengi kuliko wanavyokadiria wasiotumia. Asemaye "wote" hajahesabu. Anatafuta wa kumsindikiza. Utaniuliza, je, ikiwa ni kweli? Katika mashindano ya dunia ya riadha ya Daegu, Korea Kusini, mwaka 2011, wanariadha waliulizwa kwa njia iliyoficha jibu la kila mmoja, na makadirio yakafika takriban asilimia 44 waliotumia ndani ya mwaka mmoja. Idadi hiyo inatisha, wala sikufichi. Hata hivyo, zaidi ya nusu hawakutumia, na hao nao walikuwa wamefika Daegu.

Pingamizi la pili ni shida za nyumbani, na hilo silidharau. Lakini kama sindano hiyo ni EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, huifanya damu iwe nzito, nayo inaweza kuganda kwenye mishipa ya moyo au ubongo. Ukinaswa, adhabu ya kawaida ni kufungiwa miaka minne: utarudi una miaka 27, bila zawadi hata moja katikati. Tena dawa hudai uongo wa kuilinda. Jemima Sumgong wa Kenya, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya Rio 2016, alikutwa na EPO mwaka 2017 akafungiwa miaka minne; mwaka 2019 adhabu ikawa minane, kwa kuwa alijitetea kwa nyaraka za matibabu za uongo. Wanaokutegemea wangekula nini miaka yote hiyo?

Muda kutoshuka si hukumu. Alphonce Simbu wetu alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu ilimjia Tokyo Septemba 2025, baada ya miaka minane, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kaa na kocha mpitie upya mazoezi, usingizi na chakula chako. Kisha nenda hospitali ukapime damu, kwa sababu huenda kweli imepungua: ukanda huu wa ziwa una malaria na kichocho, na vyote viwili huipunguza. Mwambie daktari kuwa wewe ni mwanariadha, asikuandikie dawa iliyokatazwa. Ukikutwa na ugonjwa ukatibiwa, damu itakayoongezeka itakuwa yako mwenyewe, na cheti chake utakionyesha popote bila kutetemeka.