Sababu gani robine inapiga umeme?

Wanafunzi wengi wanauliza: robine ni ya maji, umeme unafika mule namna gani? Si maji yanayouleta. Waya umechubuka ndani ya ukuta ao kwenye mashini ya kupasha maji moto, unagusa chuma cha bomba, basi bomba lote linakuwa na volti 220.

Tufanye hesabu. Mtu mwenye mikono ya maji, anayesimama miguu mitupu juu ya sima iliyolowa, ana rezistansi ya karibu om 1000. Gawanya 220 kwa 1000: ampere 0,22. Ni kidogo? Kwa ampere 0,01 ao kupita kidogo mkono unajikaza, mtu hawezi tena kuachilia robine. Na fuzi ya ampere 10 haisikii kitu, iko pale inangojea! Fuzi inalinda waya, haikulindi wewe.

Kwa hiyo fundi mwema anaunga mabomba yote ya chuma kwa waya wa kijani na manjano, mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa katika udongo. Tena anaweka disjonkta diferansieli ya ampere 0,03, inayokata umeme mbio mbio.

Wengine wanasema: bomba limeshaingia udongoni, fimbo ya nini? Hapana. Siku bomba likitoboka, mtu ataunga kipande cha plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Njia ya kwenda udongoni imekatika pale, maji yanatoka vizuri, hakuna anayejua.

Ukisikia robine inauma vidole, usijaribu mara ya pili. Kata umeme wa nyumba nzima, halafu uite fundi.