SOMO: SIASA KATIKA MKUTANO WA WOTE

Shabaha ya somo: Kuwasaidia viongozi na jamaa waliohama makwao kutofautisha haki ya kusema juu ya siasa na kampeni inayofanywa kwa mali ya watu wote.

1. Shida yenyewe

Mikutano yetu mingi hufanyika katika ukumbi uliolipwa na serikali au na shirika la msaada. Uchaguzi ukikaribia, mmoja husimama na kusifu chama chake. Mwingine hujibu kwa hasira. Viongozi wengine hukataza siasa yote. Wengine humwacha kila mtu aseme apendavyo. Njia zote mbili zina hatari.

2. Historia ya Katanga inatufundisha

Mnamo Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Shindano la wakubwa likageuzwa kuwa ugomvi wa majirani. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alihutubia watu hadharani dhidi ya Wakasai, nao wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Fujo zilitokea Lubumbashi, zikafika Likasi mwaka 1992 na Kolwezi mwaka 1993. Maelfu ya familia zilikaa kwenye vituo vya gari la moshi zikingoja kusafirishwa, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa.

Tuangalie vizuri. Kusema «tunataka waziri mkuu mwingine» ni siasa, na kila raia ana haki hiyo. Kusema «jirani yangu ni mdudu, aondoke» ni kumtoa mtu katika utu wake. Neno hilo lilipata nguvu zaidi kwa sababu lilitoka upande wa kiti cha gavana, kiti ambacho ni cha watu wote.

3. Sheria inasema nini?

- Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kusema maoni yake.
- Kifungu cha 24 kinasema kwamba vyombo vya habari vya serikali ni huduma ya watu wote. Mielekeo yote ya kisiasa ipate nafasi kwa haki.
- Sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila.
- Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, kanuni ya 22, zinasema kwamba waliohama makwao wasibaguliwe katika haki ya kusema, ya kujiunga na wengine na ya kupiga kura.

Basi, anayemwambia mhamaji «wewe umekuja kupokea unga tu, nyamaza» anamnyima haki yake. Aliyepoteza shamba na nyumba hana budi kuwaambia wakubwa habari za usalama, shule na ardhi. Hiyo nayo ni siasa.

4. Mfano wa redio

Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita. Ilianzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikasema kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Kipindi chake «Dialogue entre Congolais» kiliwakutanisha wenye maoni yanayopingana. Siasa haikufungiwa mlango, iliwekewa mwongozaji.

5. Kazi ya mwongozaji wa mkutano

a) Tangaza masharti kabla ya mkutano, yawe yale yale kwa wote.
b) Pokea malalamiko juu ya serikali au chama chochote, maadamu hayatukani kabila.
c) Usiruhusu vitambaa vya chama, wala kugawa pesa, wala kuomba kura. Mkitaka kuwasikia wagombea, waalikeni wote, kila mmoja kwa dakika sawa.
d) Zuia neno, usimfukuze mtu. Sema: «Ndugu, hoja yako tumeisikia. Neno hilo juu ya kabila liondoe, kisha uendelee.»
e) Ukiwa wewe mwenyewe ni mtu wa chama, mpishe mwingine aongoze siku hiyo.
f) Asiyeridhika apewe wazee wa pande zote wa kumsikiliza.
g) Orodha ya msaada isiguswe kamwe kwa sababu ya chama cha mtu.

6. Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mkutano wetu wa mwisho, nani hakupata nafasi ya kusema? Kwa nini?
2. Ni maneno gani mtaani kwetu yanaanza kama mzaha na kuumiza kabila fulani?
3. Shefu wa mtaa akituomba ukumbi kwa ajili ya chama chake, tutamjibuje kwa heshima?

Ulimi hauna mfupa. Tuandike masharti yetu sasa, wakati mioyo ingali mitulivu, tusingoje siku ya hasira.