Simu Isiyo na Ukurasa wa Mwisho

Juzi usiku umeme ulikatika nyumbani kwangu. Haukuwa mgawo, uniti zilikuwa zimeisha. Nikanunua kwa simu, ujumbe ukaingia na tarakimu zake 20, nikasimama mbele ya mita nianze kuzibonyeza. Hapo hapo ikadondoka arifa: kuna mtu amejibu maoni niliyoandika mchana chini ya picha ya harusi. Nikaigusa. Nilizinduliwa na sauti ya mke wangu kutoka chumbani akiuliza kama mita imezikataa namba. Watu wazima wawili na watoto watatu walikaa gizani dakika ishirini na kitu, na dawa ya giza lenyewe ilikuwa mkononi mwangu.

Mtu akipatwa na hali kama hiyo hujilaumu kwamba hana nidhamu. Lawama hiyo ina ukweli kidogo tu. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na taarifa ya habari ya saa mbili ina mahali msomaji anapoaga. Mitandao ya kijamii ilinyang'anywa mahali hapo kwa makusudi. Mwaka 2006 mbunifu wa Kimarekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unapokaribia chini, na baadaye akajitokeza hadharani kuujutia. Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, alikiri mwaka 2017 kwamba swali lao wakati wa kuujenga mtandao huo lilikuwa jinsi ya kumlia mtu muda wake na umakini wake kwa kadiri inavyowezekana.

Halafu kuna suala la bahati nasibu. Ukivuta skrini hujui utakutana na nini: tangazo la sabuni, msiba, kichekesho, au mtu kukusifia. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliliona jambo hili kwa njiwa zamani sana. Njiwa anayepata punje kwa kubahatisha hudonoa kitufe kwa ung'ang'anizi zaidi kuliko anayejua punje itakuja lini. Mashine za kamari za mitaani zinaendeshwa kwa kanuni hiyohiyo.

Kinachoumia kwanza ni umakini. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amewapima watu wakiwa kazini kwa miaka mingi. Mwaka 2004 alikuta mtu hukaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia kwingine. Vipimo vya miaka ya karibuni ni sekunde 47 hivi. Na kuhama kwenyewe kuna gharama: mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiacha jambo kabla halijakamilika, sehemu ya akili hubaki kulekule. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha nne anayechungulia status katikati ya hesabu hapotezi ile nusu dakika tu. Anarudi kwenye daftari akiwa nusu.

Kwenye afya ya akili yafaa tuwe waangalifu, maana hapa ndipo watu hutiana hofu. Mei 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alionya kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku kwenye mitandao wana hatari mara mbili ya kupata matatizo kama dalili za sonona na wasiwasi. Lakini kijana mwenye huzuni naye hukimbilia simu, hivyo si rahisi kusema kipi kilitangulia. Ushahidi ulio karibu zaidi na jibu ni wa majaribio. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwachukua wanafunzi 143. Baadhi waliendelea kama kawaida, wengine wakapunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa kila mtandao kwa siku. Baada ya wiki tatu, waliopunguza walikuwa na upweke mdogo zaidi, na sonona ikapungua hasa kwa walioanza nayo nyingi. Hawakuacha mitandao. Walipunguza tu.

Tena matumizi hayafanani. Kumpigia video shangazi aliye Muscat si sawa na kulala chali saa saba usiku ukitazama nyumba na magari ya watu usiowajua. Ya pili humwacha mtu akijipima kwa mizani ya wengine, na humwibia usingizi, na mwili usiolala haumwachii mtu moyo mtulivu. Vifurushi vya usiku vya bei nafuu havisaidii kitu hapa. Unachookoa kwenye bando unakilipa asubuhi.

Ufanye nini? Nianze na lililonisaidia mimi: simu hailali chumbani. Huchajiwa sebuleni, na saa ya mezani ya bei ya kawaida ndiyo inayoniamsha. Wiki ya kwanza nilikuwa nanyoosha mkono gizani kutafuta kisichokuwepo. Ya pili nikaanza kulala.

Kisha zima arifa zote isipokuwa za simu zinazopigwa na ujumbe wa watu unaowajua. Kwenye simu nyingi za Android zilizowekwa Kiswahili, fungua Mipangilio, tafuta Nidhamu Dijitali. Utaona saa ulizotumia kwa kila programu, na unaweza kuiwekea kila moja kikomo. Andika namba ya leo kwenye karatasi kabla hujabadilisha chochote, maana wengi wetu tukikadiria kichwani hukosea.

Unaposoma au kufanya kazi, ipeleke simu chumba kingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wa mwaka 2017 ulikuta kwamba simu iliyo mezani, hata ikiwa kimya na imelazwa kifudifudi, ilipunguza uwezo wa watu kufikiri. Waliorudia jaribio hilo hawakupata jibu lilelile kila mara, lakini kulijaribu nyumbani ni bure.

Kwa watoto, sheria isiyomgusa baba haidumu. Kama simu ni marufuku wakati wa kula, basi na yako ikae kabatini, hata kama kundi la WhatsApp la ukoo linawaka moto.

Yapo mambo ambayo kuzima arifa hakuyatibu. Huzuni inayozidi wiki mbili, kukosa usingizi au hamu ya kula, kujitenga na watu, au mawazo ya kujidhuru ni ya kupelekwa hospitali. Mawazo ya kujidhuru yasisubiri wiki yoyote: asiachwe peke yake mtu huyo, na apelekwe siku hiyohiyo. Kwa mtoto anayeonewa mtandaoni, au mzazi asiyejua aanzie wapi, Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kwa namba 116, Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure.