SOMO: JE, MTOTO WA MLEVI LAZIMA AWE MLEVI?

Fungu la kusoma: Ezekieli 18:1-20



Hapa Mutuka, kijana aliyelelewa na baba mlevi akionekana hata mara moja kilabuni, watu husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wengine husema ukoo wao una laana. Katika somo hili tutaona vipimo vya ubongo vimeonyesha nini kuhusu jambo hilo, na sisi tufanye nini.

1. Kipimo chenyewe

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, aliweza kuurekodi kutoka kichwani mwa binadamu, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake. Vipande vidogo vya chuma hubandikwa kichwani na kuunganishwa kwa nyaya na mashine, nayo huchora mawimbi. Mashine haiingizi umeme mwilini wala haiumizi. Hospitali hukitumia kipimo hiki hasa kwa wagonjwa wa kifafa.

2. Watoto ambao hawajanywa

Ukiwa sokoni penye kelele ukasikia jina lako, unageuka. Ubongo unapotambua jambo muhimu namna hiyo, wimbi fulani hupanda baada ya theluthi moja ya sekunde hivi, yaani milisekunde 300. Wataalamu huliita P300. Kwa walevi wengi wimbi hilo ni dogo, na ni rahisi kudhani kuwa pombe ndiyo iliyolipunguza.

Lakini mwaka 1984 Henri Begleiter na wenzake wa New York walichapisha utafiti juu ya wavulana wa miaka 7 hadi 13 ambao baba zao walikuwa walevi. Watoto hao hawakuwa wametumia pombe, lakini wimbi lao lilikuwa dogo kuliko la wenzao. Maana yake ni kwamba udhaifu unaweza kuwapo kabla ya tone la kwanza. Begleiter alieleza kuwa ubongo wa namna hiyo hukosa utulivu, kama gari lenye breki hafifu, na pombe huutuliza kwa muda tu.

Hata hivyo, wimbi si hukumu. Haliwezi kututajia nani atakuwa mlevi, na watoto wengi wa walevi hawawi walevi. Urithi huchangia karibu nusu ya hatari. Sehemu nyingine hutokana na malezi na mazingira.

3. Tunajifunza nini

a) Tuache kuwabandika watoto majina. Ezekieli alikataa mithali iliyowafunga watoto kwa makosa ya baba zao. Mtoto anaweza kurithi udhaifu, lakini harithi hatia.

b) Tuwakinge mapema. Viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini marufuku haimzuii mzazi kumtuma mtoto kununua pombe au kumwonjesha. Utafiti wa Marekani wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walipata ulevi mara nne hivi zaidi ya waliosubiri hadi miaka 20.

c) Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asifungiwe ndani ili aache ghafla. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe huchachamaa. Mtu hutetemeka, huona visivyokuwapo, hupata degedege, na anaweza kufa. Tumwombee, na tumpeleke hospitali aachishwe kwa uangalizi.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni maneno gani tunayowaambia watoto wa walevi mtaani kwetu?
2. Nani hutumwa pombe nyumbani kwako?
3. Mwenzetu akitaka kuacha pombe, nani atamsindikiza hospitali?