MJI NA KIJIJI WAKATI WA UGONJWA WA MLIPUKO
Mafunzo kutoka Kasongo na Kabambare



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo lililotugusa katika kazi yetu ya amani kusini mwa Maniema. Ugonjwa mmoja unaweza kuwa na sura mbili, moja mjini na nyingine kijijini. Watu wasipozitambua sura hizo mbili, ugonjwa huzaa ugomvi, na ugomvi hubaki hata baada ya ugonjwa kuondoka. Tunatoa mfano wa Korona, kwa sababu tuliuona kwa macho yetu, na kwa sababu magonjwa mengine yamekwisha kuja nyuma yake.

1. Amri moja, maisha mawili

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Machi Rais wa Jamhuri alitangaza hatua za kujikinga: masomo yafungwe, ibada zisimame, mabaa yafungwe, watu wasikusanyike zaidi ya 20. Tarehe 24 Machi ikatangazwa hali ya dharura, nayo iliendelea mpaka Julai. Hatua hizo zilihusu nchi nzima, lakini zilitungwa na watu wanaoishi mjini, na maneno yake yalikuwa ya mjini.

Tuchukue mfano wa matanga. Amri ilisema maiti apelekwe moja kwa moja kutoka chumba cha maiti hadi makaburini, na wasindikizaji wawe wachache. Mjini jambo hilo lilieleweka, ijapokuwa liliumiza. Lakini katika vijiji vya Kabambare chumba cha maiti kiko wapi? Mtu hufia nyumbani, huoshwa na jamaa, na watu hukaa pamoja kwa siku kadhaa. Katika siku hizo za matanga ndipo madeni ya marehemu hulipwa, ndugu waliokosana hupatana, na neno la urithi huzungumzwa. Kuondoa matanga bila kuweka kitu mahali pake ni kuondoa baraza la upatanisho. Tulikuta jamaa waliozika upesi kwa kuogopa amri, na miezi baadaye walikuwa wanagombania shamba kwa sababu neno lile halikuzungumzwa.

Tuchukue mfano wa ibada. Kasongo ni mji wa Waislamu wengi tangu zamani. Ramadhani ya mwaka 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili, misikiti ikiwa imefungwa. Mjini watu waliswali nyumbani, kila jamaa peke yake. Vijijini tulipopita, wengi waliendelea kuswali pamoja mahali pa wazi chini ya miti. Watu wa mji wakasema, «Wale wa kijijini hawana akili.» Wale wa kijijini wakajibu, «Watu wa mji wamemwacha Mungu kwa sababu ya redio.»

Na masomo? Serikali ilitoa vipindi vya masomo kwa redio na televisheni. Mjini, mtoto mwenye bahati alipata redio na sola ya jirani. Kijijini, redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na mawe yake (betri) yalihifadhiwa kwa ajili ya habari. Tuliona wavulana wakienda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, na wasichana wakiozwa mapema. Masomo yalipofunguliwa tena Oktoba, baadhi yao hawakurudi.

2. Bariere ya mianzi

Wakati huo tuliitwa katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare. Hatutaji jina lake, kwa sababu watu wake wamepatana. Vijana walikuwa wameweka bariere ya mianzi barabarani. Walisema, «Ugonjwa uko mjini, basi mtu wa mji asipite.» Wachuuzi wa pikipiki waliotoka Kasongo walizuiwa na mifuko yao ya chumvi na sabuni. Mmoja alipigwa. Vijana wa mjini waliposikia wakasema, «Vizuri. Mchele wao nao hautaingia sokoni kwetu.»

Tuelewe uzito wa maneno hayo. Kijiji hutoa mchele, mihogo, karanga na mawese. Mji hutoa chumvi, sabuni, nguo na dawa. Barabara ikifungwa kwa majuma mawili, kijijini mgonjwa hukosa dawa na mjini bei ya chakula hupanda. Wazee wetu walisema, «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Siku zile mgeni ndiye aliyeonekana kuwa ugonjwa wenyewe.

Tena, katika Kabambare bariere si kitu kidogo. Kwa miaka mingi vikundi vyenye silaha vimeweka bariere kutoza watu fedha. Mama akiona kamba mpya barabarani hafikirii afya, anafikiri bunduki. Mama mmoja mjamzito alituambia kwamba alipoona bariere ile kwa mbali aligeuka na kurudi nyumbani, hakufika kituo cha afya siku ile wala juma lile. Kitu kilichowekwa ili kulinda uhai kilikuwa kinauhatarisha.

3. Kosa letu

Hapa lazima tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Mara ya kwanza tulifika na gari kutoka mjini, tumevaa barakoa (watu wetu huita kashene), tukasimama mbali, tukatumia kipaza sauti. Tulisoma orodha: nawa mikono kwa sabuni mara nyingi, kaa mbali na mwenzako, baki nyumbani. Watu walisikiliza kimya. Tulifikiri kimya kile ni kukubali.

Mwishoni mama mmoja mzee alinyosha mkono. Akasema: «Wanangu, chemchemi iko bondeni. Ninaleta kidumu kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mniambie, ninawe mara ngapi, na nipike na nini? Mnasema nibaki nyumbani. Nikibaki nyumbani, nani atalima? Na usiku bunduki zikilia, nibaki pia?»

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeleta somo la mji, na wakaaji wa kijiji waliona kwamba hatukuwauliza kitu. Tena tulikuja na gari kutoka mahali palepale walipopaogopa. Kwa nini vijana wa bariere watuamini sisi, wakati wachuuzi wenye pikipiki walizuiwa? Baadaye tulisikia kwamba siku ile ile habari ilizunguka kuwa sisi tunalipwa kwa kila mgonjwa tunayemwandika.

4. Namna mazungumzo yalivyofanyika

Tulirudi mara ya pili kwa pikipiki, wawili tu, tukanawa mikono mbele ya bariere kama kila mtu. Tulikaa na watu wasiozidi 20: chifu wa kijiji, vijana wawili wa bariere, wachuuzi wawili wa Kasongo, muuguzi wa kituo cha afya, imamu, mchungaji, na akina mama sita. Tulianza na akina mama, kisha vijana, kisha wakubwa.

Ndipo tulipogundua kwamba ugomvi haukuanza na Korona. Watu wa kijiji walilalamika kwamba wachuuzi wa mji huja na kipimo kikubwa wanaponunua mchele, na kipimo kidogo wanapouza chumvi. Wachuuzi nao walilalamika juu ya madeni yasiyolipwa. Korona ilifungua tu kidonda cha zamani.

Baada ya mikutano mitatu walikubaliana hivi:

– Bariere igeuzwe kuwa mahali pa kunawa mikono, na vijana walete maji kwa zamu, si akina mama peke yao.
– Bidhaa zipite. Mtu wa kulala kijijini ajulishe chifu kwanza.
– Wagonjwa na wajawazito wapite saa yoyote bila swali.
– Pasitozwe fedha yoyote.
– Kipimo kimoja kitumike kwa kununua na kwa kuuza, nacho kiwekwe kwa mama mmoja aliyechaguliwa na pande zote mbili.

Je, yote yalifuatwa? Hapana. Kipimo kimoja kilidumu, na bidhaa zilipita. Lakini baada ya miezi michache baadhi ya vijana walianza tena kuomba fedha, kwa sababu walikuwa wamezoea. Ilibidi chifu na akina mama wakae nao tena, na mwishowe mianzi iliondolewa kabisa. Tunaandika hilo ili msomaji asifikiri kwamba makubaliano ya siku moja yanatosha.

5. Ugonjwa ambao hatukuutaja

Wakati tunafundisha juu ya Korona, watoto wa nchi yetu walikuwa wanakufa kwa surua. Mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto, na ulitangazwa kuisha Agosti 2020. Vifo vya Korona vilivyothibitishwa katika nchi nzima, kwa miaka yote ya mlipuko, havikufika 1,500. Ni kweli kwamba vipimo vilikuwa vichache, na mwanzoni vyote vilifanyiwa Kinshasa. Hata hivyo mama wa kijijini alipotuuliza, «Kwa nini mnakuja kwa ugonjwa wa wakubwa wa mji, na kwa ugonjwa wa watoto wetu hamkuja?» alikuwa na haki ya kuuliza.

Kasongo ina historia katika jambo hili. Miaka ya 1970 mradi wa afya wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulichunguza matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wadogo wa hapa, na mwaka 1981 matokeo hayo yalichapishwa katika gazeti la waganga la The Lancet. Waliuliza: mtoto akiokolewa na surua, je, ataishi, ama udhaifu na magonjwa mengine yatamchukua? Swali hilo lingali na faida kwetu. Mtu hawezi kulindwa na ugonjwa mmoja tu, akaachwa mikononi mwa njaa, maji machafu na vita.

6. Tunajifunza nini?

Kwanza, kabla ya kufundisha, tuulize. Maji yako wapi? Watu wanaishi kwa kazi gani? Wanaogopa nini zaidi?

Pili, mji na kijiji vinahitajiana. Yeyote anayesema «ugonjwa ni wao» anafunga barabara ambayo kesho yeye mwenyewe ataihitaji.

Tatu, hatua ya afya inayogusa matanga, ibada au soko inagusa amani. Tukiondoa desturi, tukae na wazee tutafute njia nyingine ya kufanya kazi ile ile.

Nne, kila bariere iwe na siku ya kuondolewa, na watu wa kuiondoa wajulikane tangu mwanzo.

Mafunzo haya si ya jana tu. Aina mpya ya mpox iligunduliwa Kamituga, mji wa dhahabu katika Kivu ya Kusini, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, iliyoondolewa Septemba 2025. Wachimbaji huhama kutoka chimbo hadi chimbo, na kwetu pia kuna machimbo. Safari hii tulipokwenda vijijini, tulianza kwa kukaa chini na kusikiliza.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Wakati wa Korona, katika sehemu yenu nani alilaumiwa kuleta ugonjwa? Je, lawama hiyo imekwisha?
2. Ni ugomvi gani wa zamani uliojificha nyuma ya ugonjwa?
3. Ugonjwa mwingine ukija kesho, nani kati yenu atakwenda kuongea na watu wa upande wa pili, na atapita njia gani?